Waya wa Tatu

Rubani wa ndege ya abiria, magurudumu yakishagusa lami, hupunguza moto wa injini na kuanza kufunga breki. Rubani wa kivita anayetua kwenye meli hufanya kinyume chake. Magurudumu yakigusa sitaha tu, mkono wake wa kushoto husukuma wenzo wa injini hadi mwisho, kama mtu anayepaa. Hufanya hivyo kwa sababu wakati huo bado hajui kama amenaswa. Chini ya mkia wa ndege yake inaning'inia kulabu ya chuma, na sitahani zimelazwa nyaya tatu au nne nene zinazokingama njia yake. Kulabu ikidaka waya mmojawapo, ndege yenye uzito wa karibu tani 20, iliyokuwa ikienda karibu kilomita 250 kwa saa, husimama ndani ya sekunde mbili tatu na umbali wa mita 100 hivi. Kulabu isipodaka, mbele yake pamebaki chuma kidogo, kisha bahari. Injini ya jeti nayo haipati nguvu zake zote papo kwa papo, ina uchelewaji wake. Kwa hiyo moto lazima uwe umeshawekwa kabla jibu halijajulikana. Akinaswa, atapunguza. Asiponaswa, atapaa tena, azunguke, aje upya.

Nimesoma na kutazama habari za kazi hii kwa miaka mingi, na kila nikiirudia naiona kubwa zaidi. Wengi husifu kasi na ujasiri wa marubani hawa. Vyote wanavyo, sibishi. Ila kinachonishika mimi ni kitu ambacho filamu hazikionyeshi: huu ni ufundi wa kurekebisha makosa madogo yasiyokoma, na wa kukubali kusahihishwa mbele ya wenzako mpaka siku yako ya mwisho ya kuruka. Rubani haji melini akiwa hakosei. Huja akikosea kila sekunde, kidogo juu, kidogo chini, kidogo kulia, na kazi yake ni kulipunguza kila kosa kabla halijakua.

Tuanze na ukubwa wa mahali penyewe. Meli za Marekani za aina ya Nimitz zina urefu wa mita zipatazo 333, na mtu akiziona gatini huziona kama mji. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini rubani hapewi mita 333. Nyaya, ambazo kwenye nyingi kati ya meli hizi ni nne, zimelazwa karibu na tezi, kila mmoja umbali wa mita 12 hivi kutoka kwa mwenzake. Anayelenga vizuri hulenga kulabu iguse kati ya waya wa pili na wa tatu, ili idake wa tatu. Waya wa kwanza maana yake alikuja chini mno, akaukaribia ukingo wa tezi, na ukingo huo umeua watu. Wa nne maana yake alikuja juu, na kidogo tu zaidi angezikosa zote. Ndege inayokuja sawasawa hupitisha kulabu yake mita nne na ushei tu juu ya ukingo wa meli. Hapo ndipo penye tofauti yote kati ya kutua kuzuri na msiba.

Na mahali penyewe hapakai. Bahari haishi zinge. Meli inakwenda mbele kwa kasi, imeelekezwa kwenye upepo kwa makusudi ili upepo uisaidie ndege. Tezi inapanda na kushuka na wimbi. Juu ya hayo, njia ya kutulia haikunyooka na meli bali imewekwa mshazari, imeelekea upande wa kushoto kwa nyuzi tisa au kumi hivi. Matokeo yake ni kwamba meli inavyosonga mbele, njia ile inamhama rubani kuelekea kulia bila kukoma. Akinyoosha ndege yake vizuri kabisa na kutulia, baada ya sekunde chache hayupo tena katikati. Hana budi kuwa anarudi kulia, kidogo kidogo, muda wote. Kisha, karibu na mwisho, kuna upepo uliovurugwa na mnara wa meli, ambao kwanza huiinua ndege na baadaye huivuta chini pale pale ambapo hakuna nafasi ya kushuka. Wazoefu huujua, huungoja, na mkono wa injini huwa umeshaanza kazi kabla mvuto haujafika.

Haya yote yamelipiwa. Eugene Ely, rubani wa kiraia wa Kimarekani, alikuwa wa kwanza kupaa kutoka melini, tarehe 14 Novemba 1910, kutoka USS Birmingham huko Hampton Roads, Virginia. Ndege yake ilipoacha jukwaa la mbao ilishuka hadi ikagusa maji, kisha ikainuka. Tarehe 18 Januari 1911 akatua juu ya USS Pennsylvania katika ghuba ya San Francisco, juu ya kamba zilizofungwa mifuko ya mchanga ncha zote mbili na kulazwa kukingama jukwaa, ili kulabu za ndege zizidake na uzito wa mchanga uizuie. Kwa hiyo wazo la kulabu na waya lina umri wa zaidi ya karne moja, na halijapata kubadilishwa. Ely hakujua kuogelea. Alijizungushia mwilini mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli badala ya jaketi la kuokolea. Alikufa mwaka huohuo wa 1911, katika ajali ya ndege kwenye maonyesho.

Mwingereza Edwin Dunning ndiye wa kwanza kutua kwenye meli inayokwenda, tarehe 2 Agosti 1917, juu ya HMS Furious huko Scapa Flow. Wenzake walikimbia sitahani wakaishika ndege yake kwa mikono. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikatumbukia baharini, akafa.

Kwa miaka mingi iliyofuata sitaha zilikuwa zimenyooka tangu tezi hadi omo, na ndege zilizokwisha kutua ziliegeshwa mbele. Aliyekosa nyaya zote hakuwa na pa kwenda: alizuiwa na vizuizi, na vizuizi visipotosha aliingia katikati ya ndege na watu. Zilipokuja jeti, nzito na za kasi, hali hiyo ikawa haivumiliki. Waingereza ndio waliopata dawa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na zilikuja tatu karibu kwa pamoja. Dennis Cambell alitoa wazo la kuigeuza njia ya kutulia iwe mshazari, ili anayekosa nyaya apae tena juu ya maji matupu. Colin Mitchell alileta manati ya mvuke ya kurushia ndege nzito. Na Nicholas Goodhart akafikiri juu ya kioo. Alichukua kioo kidogo cha mkononi na kijiti cha rangi ya midomo, akakiweka kioo mezani, akamwomba karani wake mwanamke ateremke taratibu huku akiiweka taswira ya ile rangi pale pale katikati ya kioo. Yule karani, ambaye hakuwa rubani, akafikisha kidevu chake mezani kwa mteremko ulio sawa kabisa. Siijui hadithi nyingine ya uvumbuzi wa kijeshi inayonifurahisha kama hii.

Kioo cha Goodhart leo ni seti ya lenzi iliyosimama upande wa kushoto wa sitaha. Katikati yake rubani huona taa moja ya manjano, na pembeni mwake mstari wa taa za kijani. Taa ya manjano ikiwa juu ya mstari, yuko juu mno. Ikiwa chini, yuko chini mno. Ikishuka kabisa hugeuka nyekundu, na hapo hakuna wa kuelezwa. Marubani wameipa taa ile jina la mpira, na maisha yao yanauzunguka. Akiwa amebakiza kilomita moja na nusu hivi, rubani hutaja kwenye redio namba ya ndege yake, aina yake, kwamba anauona mpira, na kiasi cha mafuta alichobaki nacho. Afisa aliyeko sitahani humjibu kwamba amemsikia. Kuanzia hapo zimebaki sekunde 15 hadi 18.

Katika sekunde hizo macho huzunguka mahali patatu: mpira, mstari wa katikati ya njia, na kipimo cha pembe ambayo bawa linaukata upepo. Mpira, mstari, pembe. Kisha tena. Kipimo cha tatu ndicho kigeni kwa marubani wa nchi kavu. Ndege hushikiliwa kwenye pembe moja tu, kwa sababu pembe hiyo ikibadilika kulabu nayo huinuka au hushuka kuliko inavyotakiwa, hata kama macho ya rubani yako mahali sahihi. Kwa kuwa pembe haibadilishwi, kimo hushikwa kwa moto wa injini. Ndiyo maana mkono wa kushoto hautulii: unaongeza, unapunguza, unaongeza nusu ya ulichopunguza. Kila pungufu lina deni lake. Ukitoa moto kwa sababu uko juu, lazima uurudishe kabla hujaanza kuzama, na uurudishe kwa kukisia, kwa maana ukingoja kuona umeshachelewa.

Kuna jambo moja wanalofundishwa lisilopatana na maumbile ya binadamu: usiitazame sitaha. Mtu anayerukia chombo hutazama pale miguu itakapotua. Rubani akifanya hivyo karibu na mwisho, akauacha mpira na kuzitafuta nyaya kwa macho, mkono wake humfuata jicho na ndege huinama. Wakufunzi hulirudia hili mpaka mwanafunzi alisikie usingizini. Anaambiwa auamini mwanga na aipuuze meli kubwa iliyojaa mbele yake. Kwangu mimi, kuyafundisha macho kuacha kutazama yanapotaka kutazama ni kazi ngumu kuliko kurusha ndege yenyewe.

Njia ya kufika hapo ni ndefu. Huko Marekani huanzia Pensacola, Florida, ambako marubani wa jeshi la majini wamekuwa wakifunzwa tangu 1914. Kabla ya ndege kuna maji. Mwanafunzi huogelea maili nzima akiwa amevaa ovaroli ya urubani. Hufungwa mikanda ndani ya kifaa kilichofanana na tumbo la helikopta, kikazamishwa bwawani na kupinduliwa chini juu, naye atafute mlango kwa kupapasa, na katika baadhi ya mizunguko hufungwa macho. Atashika sehemu moja ya kuanzia, ataifuata kwa mkono, hataiachia mpaka ashike nyingine. Hata humo majini somo ni lile lile: hisia zako zinakwambia uongo kuhusu wapi ni juu, shikilia kitu kimoja cha kuaminika.

Baadaye huja ndege ndogo ya rafadha, T-6B, na wateule wa jeti huhamia Meridian, Mississippi, au Kingsville, Texas, kwenye T-45 Goshawk. Marubani wa majini wa Ufaransa nao hupelekwa huko kujifunza. Ndipo linapoanza zoezi ninalolihusudu, la kutua kwenye meli isiyokuwepo. Mwisho wa barabara ya ndege huchorwa umbo la sitaha, lenzi husimamishwa kando, na mwanafunzi huzunguka na kutua, huzunguka na kutua, mchana na usiku, bila kusimama hata mara moja. Kila mguso huandikwa na mkufunzi aliyesimama majanini. Kisha alitumwa baharini kwenye meli ya kweli. Kwa miongo mingi desturi ilikuwa kwamba safari hiyo ya kwanza mwanafunzi aliifanya peke yake, kiti cha nyuma kitupu, kwa kuwa mkufunzi asingeweza kumfanyia lolote ambalo hakuwa amekwisha kumfunza. Hivi karibuni jeshi hilo limeisogeza hatua hii mbele, ifanyike baada ya mtu kuvikwa mabawa ya dhahabu, beji ya urubani, tena katika ndege ya kikosi atakachotumikia. Nawaelewa, maana ndege za leo zina msaada wa kompyuta ambao T-45 haina. Hata hivyo nafikiri kuna kitu kilichokuwa kikijulikana kuhusu kijana siku ile aliporudi ufukweni akiwa peke yake ndani ya ndege.

Si jeti tu zinazoruka kutoka melini. Wa helikopta hutua juu ya meli ndogo zaidi, kwenye kiwanja kimoja nyuma ya meli, sitaha ikiyumba, usiku, bila mwezi. Wazee wa Dar es Salaam waliokuwepo tarehe 25 Januari 1964 walizisikia helikopta za melini alfajiri, zikitoka HMS Centaur iliyokuwa nje ya pwani, zikiwaleta makomando wa Uingereza kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, kuzima uasi wa askari. Asubuhi ile ina siasa na machungu yake, na imeandikwa na wengine.

Melini, mchana hali ya hewa ikiwa njema, kazi hufanywa kimya. Ndege hupita juu ya meli kwa kasi upande wa kulia, kwenye kimo cha mita 240 hivi, hukata kona kali kushoto, hushuka hadi mita 180, hushusha magurudumu na kulabu, hupita sambamba na meli kwa mwelekeo wa kinyume, kisha huanza kugeuka na kuteremka. Inayofuata iko nyuma yake kwa chini ya dakika moja. Hakuna anayeongea. Kila mmoja anajua zamu yake kwa kumtazama aliye mbele. Redio husikika pale tu panapokuwa na tatizo au mpira unapotajwa, na mara nyingine hata mpira hautajwi.

Kwenye sitaha kila mtu huvaa rangi ya kazi yake. Wa njano huongoza ndege, wa kijani hushughulikia manati na nyaya, wa zambarau hujaza mafuta, wa nyekundu hufunga silaha, wa kahawia hutunza ndege, wa bluu huendesha matrekta na kufunga minyororo. Wengi ni vijana wadogo, wengine hawajafika miaka 20. Kabla ya kuruka hujipanga safu kutoka ukingo hadi ukingo, wakatembea taratibu wakitazama chini, wakiokota msumari, uzi, kipande cha waya, chochote kinachoweza kuvutwa na injini. Afisa mkubwa akiwepo huinama kama wengine. Chini ya sitaha wapo ambao hawaioni ndege kabisa: kabla ya kila mnaso hurekebisha mashine ya kuzuia kulingana na uzito wa ndege inayokuja. Wakiiweka laini mno, ndege hutumbukia na waya wake. Wakiiweka ngumu mno, inararuka. Rubani hawaoni wala hawajui kwa majina, na uhai wake uko kwenye namba waliyoiweka.

Sasa nifike kwa mtu ninayemheshimu kuliko wote. Kwenye ukingo wa kushoto wa tezi kuna jukwaa dogo, limezungukwa na wavu wa kurukia mambo yakiharibika. Juu yake husimama afisa wa kuongoza kutua na wenzake. Zamani alishika vibao viwili vya rangi akavipunga kwa mikono, na mpaka leo redioni huitwa kwa jina la vibao vile ingawa haviko tena. Yeye mwenyewe ni rubani wa kikosi. Jana alikuwa angani, kesho atakuwa angani, leo zamu yake ni kutazama. Ameshika mkononi kitufe cha kuwasha taa nyekundu za kumfukuza rubani asitue, na sitaha inapokuwa haijawa tayari huuinua mkono huo juu ya kichwa ili kila mtu jukwaani auone na asisahau. Amri ya taa hizo haibishwi. Rubani hata akiwa na cheo kumshinda, huongeza moto na kuondoka.

Sauti yake ni chombo cha kazi. Husema maneno machache, na toni yake hupimwa: moto kidogo, kwa upole, ikiwa rubani anaanza kuzama, moto, kwa ukali, ikiwa amezama. Anamjua kila rubani na kasoro yake, nani hupenda kuja juu usiku, nani hutoa moto mwishoni, na humwambia kabla hajaifanya. Huweza kuusikia mngurumo wa injini na kujua rubani anafikiri nini.

Kila mtuo hupewa alama. Pembeni mwa afisa yule mwandishi huandika kwa mkato kila alichokiona, tangu mwanzo wa mteremko hadi waya. Ndege zikimalizika, afisa na timu yake huzunguka vyumba vya vikosi, kimoja baada ya kingine, na humsomea kila rubani mtuo wake mbele ya wenzake wote: ulianza juu kidogo, ukapunguza kupita kiasi katikati, ukazama karibu na tezi, waya wa pili. Kisha alama. Mtuo mzuri wa kawaida ni pointi 4. Kuna 5, lakini hutolewa kwa nadra sana, na wengine humaliza utumishi hawajaipata. Aliyefukuzwa kwa taa hupata 1, na aliyehatarisha sitaha hupata sifuri. Alama hubandikwa ukutani kwa rangi, jina kwa jina, na yeyote apitaye huziona. Rubani anayesomewa hajitetei. Husema ameelewa, na kwa kawaida hushukuru.

Sisi tuliokulia penye misikiti tunaijua adabu ya namna hii. Imamu akiteleza katika kisomo, maamuma aliye nyuma yake humsahihisha kwa sauti, hata kama ni mwanafunzi wake, naye hupokea na kuendelea, kwa kuwa kisomo ni kikubwa kuliko aibu yake. Nimeona maofisi mengi na vyumba vingi vya madarasa ambako adabu hiyo haimo, ambako kumkosoa mkubwa ni kutafuta uhamisho. Kwenye meli hizi, kamanda wa ndege zote ana mstari wake ukutani kama luteni aliyewasili juzi.

Usiku ni kazi nyingine. Wakati wa vita vya Vietnam madaktari wa kijeshi wa Marekani waliwafunga marubani vipimo vya moyo wakiwa kazini, wakakuta mioyo ilidunda kwa kasi zaidi wakati wa kuondoka na kurudi melini kuliko wakati wa kudondosha mabomu huku wakipigwa risasi. Usiku hakuna upeo wa macho, bahari na mbingu ni weusi mmoja, na mwili humdanganya mtu kwamba amelala upande. Ndege husubiri nyuma ya meli kwenye vimo tofauti, kila moja na dakika yake ya kuanza kushuka, na dakika hiyo hailegezwi. Asiyenaswa mara ya kwanza huja ya pili akiwa na mafuta pungufu na mkono mzito. Meli ikiwa mbali na nchi kavu hakuna uwanja mwingine, kuna ndege ya kumwongezea mafuta angani, na sauti ya yule aliye jukwaani.

Siwezi kuandika haya bila kumtaja Jesse Brown. Alizaliwa Hattiesburg, Mississippi, mwaka 1926, katika familia ya wakulima maskini Weusi, zama ambazo hata kumwona Mweusi ndani ya chumba cha rubani wa majini kulikuwa mwiko. Tarehe 21 Oktoba 1948 alivikwa mabawa, Mmarekani Mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya jeshi la majini la Marekani. Sitaha za wakati huo zilikuwa bado zimenyooka, na Corsair aliyoirusha ilikuwa na pua ndefu iliyomficha rubani meli. Tarehe 4 Desemba 1950, huko Korea, akiwa ameruka kutoka USS Leyte, ndege yake ilipigwa akaanguka mlimani kwenye theluji, mguu umebanwa. Mwenzake, Thomas Hudner, Mzungu kutoka Massachusetts, aliishusha ndege yake mwenyewe kwa tumbo kando yake kwa makusudi, akausindilia moto theluji kwa mikono, akajaribu kumtoa mpaka giza likaingia. Brown alikufa pale. Hudner akapewa Nishani ya Heshima, na mjane wa Brown, Daisy, alikuwepo. Mwaka 2020 Madeline Swegle alihitimu Kingsville, mwanamke Mweusi wa kwanza wa jeshi hilo kurusha jeti za kivita. Imechukua miaka 72 kutoka kwake Brown, na hilo ni doa kwa taasisi iliyojua vyema kupima mtuo lakini ikachelewa mno kupima watu.

Na hizi ni ndege za vita. Wanaokaa chini ya mabomu yake wana la kusema, na nikiusifu mkono wa rubani siisifu kila amri iliyomtuma.

Mashine zinaingia. Tarehe 10 Julai 2013 ndege isiyo na rubani, X-47B, ilitua yenyewe juu ya USS George H.W. Bush. Programu iliyoanza kwa jina la Magic Carpet sasa huisaidia F/A-18 kushika mteremko, na marekebisho yaliyokuwa mamia katika mteremko mmoja yamekuwa machache. Wapo wanaolalamika kwamba ufundi unakufa. Mimi siwaungi mkono. Eric Brown, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kutua kwa jeti melini, tarehe 3 Desemba 1945 juu ya HMS Ocean, alitua sitahani mara 2,407 maishani mwake, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, na kazi yake kubwa ilikuwa kujaribu vifaa vipya vya kuwapunguzia wenzake hatari. Fundi wa kweli hachukii kifaa kinachookoa maisha. Kompyuta imelainisha mkono. Afisa bado yuko jukwaani, mwandishi bado anaandika, alama bado zinasomwa.

Video za kazi hii zimejaa mitandaoni. Msomaji, ukiifungua moja, iache ndege kwanza. Mtafute yule aliyesimama pembeni ya tezi na mkono juu, umtazame mpaka aushushe. Kisha isikilize injini katika zile sekunde 15 za mwisho. Ikiwa ndege haina kompyuta ya kuisaidia, utaisikia ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, bila kutulia hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.